Mama Maestro na Nyimbo za Tope

Mama Maestro hakuwa na kinanda wala filimbi ya kutoa noti. Alikuwa na kikombe cha chuma, cha bluu, kilichobanduka rangi ukingoni, na kijiko cha chai. Tukishasimama kwa mistari yetu, alikigonga kikombe mara moja, akakisogeza sikioni, akafunga macho, kisha akagawa noti: soprano, alto, tenori, besi, kama mama anayekata bukari, ugali wetu, kwa watoto wanne na hataki hata mmoja alie. Siku moja tenori mmoja akamtania kwamba kikombe kimezeeka, noti imeshuka. Akamjibu kwamba kikombe ni kizima, ila masikio ya watu wengine yamejaa ndakala, wale dagaa. Repetisio, yaani mazoezi, ya siku ile haikuendelea tena. Kila tulipofungua midomo tulicheka, na aliyecheka wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe, ameinama, kijiko mkononi.

Nimejaribu mara nyingi kumweleza kwa watu ambao hawakumjua, na kila mara najikuta nimepotea katikati. Nikisema alikuwa mkali, nakumbuka kile kicheko. Nikisema alikuwa muntu wa kanuni, nakumbuka kwamba alichukia wachelewaji kuliko kitu chochote na yeye ndiye aliyekuja nyuma ya wote, kitenge kimefungwa ovyo, akatugombeza kwamba tumemngoja na mabega yaliyokunjwa. Wakati wa Kwaresima alitukataza rumba. Lakini tulipopita naye karibu na vile vibanda vya bia kule bandarini, midomo yake ilifuata kila neno, mpaka na vile vicheko wanavyoweka waimbaji katikati. Wakati wa mahubiri alilala macho wazi. Tulijua kwa sababu hakupepesa. Na bado msomaji akikosa neno moja la somo, ulimi wake uligonga, "ntss", bila yeye kuamka.

Alhamisi alikwenda Katanika kwa miguu, kuwafundisha nyimbo akina mama waliokimbia vita na kukaa kule. Alisema anakwenda kunyoosha miguu. Alirudi macho mekundu, akasema ni vumbi. Hata msimu wa mvua alisema ni vumbi.

Na alikuwa na neno lake moja, alilotupa kwa kila mtu: "Pumua kwanza, Mungu atangoja." Alituambia sisi kabla ya wimbo. Aliwaambia wauza samaki waliokuwa wanashikana mashati sokoni. Aliniambia mimi siku niliyokwenda kwake kulia kwamba masomo yangu yameishia pale. Nikapumua. Haikubadilisha kitu, lakini nilipomaliza kupumua nilikuwa nimesahau nilitaka kulia kwa sauti gani.

Sasa niseme juu ya sauti yake, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Wakati wa matoleo aliimba mstari mmoja peke yake, kisha sisi tukajibu. Mstari mmoja tu. Akina mama waliouza maandazi nje ya ua wa kanisa walinyamaza kwanza, wakaacha hata kurudisha chenji, mpaka amalize. Siwezi kuifananisha na kitu. Nilikuwa alto mstari wa pili, nyuma ya kisogo chake, na niliona vile rovu lilivyokua shingoni mwake mwaka baada ya mwaka, na yeye akalifunika na kitambaa kana kwamba ni urembo. Mwishowe likaanza kumbana pumzi. Wenye kumpasua walimwambia mapema kwamba ile mishipa ya sauti imelaliana na rovu, na kwamba inaweza kuguswa. Akakubali. Alitaka kupumua. Hakuna mtu aliyemkosea.

Alipona shingo, sauti haikurudi. Kilichotoka kilikuwa kama mlango wa bati unaoburutwa juu ya simenti. Kwa kuongea, unamsikia vizuri, chini, taratibu. Kwa kuimba, hapana. Mara ya kwanza alipojaribu kutupa noti, mtoto mmoja wa mstari wa mbele alijificha nyuma ya dada yake.

Komite ya korali, yaani kwaya yetu, ikampa jina jipya: Mama Mshauri. Ikampa na kiti cha plastiki, pembeni, karibu na dirisha. Mbele yetu akasimama kijana mwingine. Papa Prezida, mwenyekiti wa komite, alimwambia avumilie, sauti itarudi polepole. Miezi ikapita. Hatukumwita Mshauri hata siku moja, alibaki Mama Maestro, lakini kiti kilikuwa kiti. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, na aliniambia mimi waziwazi: kusimama tena mbele yetu siku ya sikukuu ya parokia. Mikono bado anayo, alisema. Masikio bado anayo. Inabaki tu namna ya kutoa zile noti nne.

Mimi nina kibanda kidogo njia ya sokoni. Najazia watu nyimbo kwenye kadi ndogo za kumbukumbu za simu: korali, rumba, nyimbo za ndoa, kwaya za Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Nina ndoto ya kufungua studio siku moja, yenye mazulia ukutani na mlango mzito, na mama zangu wote wa korali wataingia bila kulipa. Kwa sasa nina kompyuta moja, sola moja na feni inayozunguka ikitaka. Katika kazi hii kuna desturi: kadi lazima ishibe. Mteja akifika nyumbani akakuta nafasi imebaki, anasema umemwibia. Kwa hiyo nyimbo alizoomba zikiisha na nafasi ikabaki, najaza na chochote kutoka kwenye dosie, yaani folda, niliyoiita Mbalimbali. Hakuna mteja anayefika mpaka kule mwisho. Wote tunafanya hivyo, njia nzima.

Ndani ya Mbalimbali kulikuwa na albamu moja aliyoniachia fundi wa mitambo, mgeni, aliyekuja kuchaji simu akingoja meli. Nyimbo kumi na saba, hazina majina, namba tu. Aliniambia ni metali, muziki wa gitaa na kelele, kali sana, na kwamba kundi lile limechanganya aina mbili: moja inaitwa slaji, yaani tope, na nyingine graindkoo, ambayo ni mambo ya kusaga. Nilisikiliza dakika moja nikashukuru, nikaiweka kule mwisho pa kujazia kadi.

Mama Maestro aliniletea kadi yake nimwekee nyimbo za Pasaka. Nikaweka. Nafasi ikabaki. Nikaishibisha.

Alirudi siku ya tatu, asubuhi, akiwa na simu mkononi kama mtu anayeleta samaki aliyeoza kwa muuzaji wake. Nikajua.

"Mutoto, nani alikutuma uniwekee hii mambo?"

"Mama, nisamehe. Nilikosa. Leta nifute."

"Nani amesema ufute?" Akakaa juu ya kiti changu, mimi nikasimama. "Mi nakuuliza kitu. Huyu muntu anapumulia wapi?"

Sikuelewa. Akabonyeza. Kile kipaza sauti kidogo cha simu kilitetemeka kama kimeshikwa na homa. Gitaa lilikuwa chini kabisa, ngoma ikapiga mara moja, ikangoja, ikapiga tena, kama mtu anayeng'oa mguu kwenye tope la barabara ya Bendera mwezi wa tatu, anauweka, unazama, anang'oa mwingine. Juu yake mtu akapiga ukelele mrefu, wa kukwaruza, sauti iliyochanika kabisa. Mama Maestro alikuwa anahesabu kwa vidole. Akafika kumi na moja.

"Sekunde kumi na moja, hajavuta hewa," alisema. "Papa Prezida wetu hewa inamwishia ku Amina."

Tangu siku hiyo alikuja karibu kila juma. Alikataa ekuteri za masikioni, alisema zinamwingilia kichwani bila kubisha hodi. Alitaka bafle, spika yangu ndogo, sauti chini, na mimi nikae nisikilize pamoja naye. Wateja walisimama, wakasikiliza kidogo, wakaniuliza kama kompyuta imepata virusi.

Sitasema uongo: kichwa kiliniuma. Nyimbo zile zilikwenda polepole mpaka unataka kuzisukuma, halafu bila kukuambia, zote zinakimbia, kama mashine ya mihogo pale unga unapokwisha na jiwe linabaki kusaga hewa. Kisha kimya. Wimbo wa saba ulikuwa wa sekunde kumi na tisa. Nilimwambia faili imeharibika, nitamtafutia nzima.

"Haiko haribika. Imeisha."

"Wimbo gani unaisha mbele ya kuanza, Mama?"

"Ule wenye umemaliza kusema. Wewe na Papa Prezida munapenda beti sita."

Alinifundisha namna ya kusikiliza, ile ile ya korali. Usisikilize wote, alisema, shika mmoja tu, mfuate mpaka mlangoni kwake. Leo gitaa la besi. Juma lijalo mpiga ngoma. Alisema sauti ni mbili: kuna soprano, yule anayelia kama nguruwe, na kuna besi, yule wa chini kama injini ya mtumbwi uliosimama ufukweni. Gitaa kubwa ni tenori, na kama tenori wote, linataka lisikike. Kuhusu mpiga ngoma aliniambia kwamba ndiye mdogo wao na anamwogopa mwenye gitaa. Nikamwuliza amejuaje. Akarudisha nyuma, akaniinulia kidole: "Sikia. Mbele ya kupunguza mwendo, anachelewa kidogo. Anamuangalia kwanza." Nikasikiliza mara nne. Mara ya tano nikasikia. Ni kweli, kuna kachelewo, kadogo kama kope.

Halafu kuna wimbo wa kumi na mbili. Katikati ya kelele zile zote wananyamaza, pumzi moja hivi, na ukitega sikio unasikia kiti kinalia. Kiti cha mbao. Mtu mmoja alijisogeza. Mama Maestro ndiye aliyekisikia kwanza, na alifurahi siku nzima kwa ajili ya hicho kiti. Alisema: kumbe wako mu chumba, wamekaa, kama sisi. Tangu hapo sikuweza tena kuwaogopa. Lakini kuwapenda? Mpaka leo mtu akiniuliza nasema nawaheshimu, kama unavyomheshimu ng'ombe wa milima ya Pepa mnapokutana naye kwenye njia nyembamba: unampisha, unamtazama, unajua ana shughuli zake.

Kwa nini yeye aliwapenda, hapo ndipo sielewi, na si kwa kukosa kuuliza. Mara ya kwanza alijibu ni kwa sababu ya pumzi, basi. Mara ya pili alisema ni kwa sababu hawa watu hawamdanganyi kwamba ni Pasaka kila siku. Nikaona hilo ni jibu, nikaliweka moyoni. Juma lililofuata akasema hawapendi hata kidogo, anawasikiliza kama unavyomsikiliza jirani anayevunja ukuta wa nyumba yake mwenyewe, unataka tu kujua kama atamaliza. Mara nyingine alisema wanamkumbusha marehemu bwana yake akikoroma, akacheka mpaka akakohoa.

Siku moja nikathubutu. Nikamwambia labda ni kwa sababu yule wa chini anaimba na sauti iliyovunjika, na hakuna anayemwambia akae pembeni. Nilisema kwa upole, machozi yalikuwa karibu. Aliinuka, akachukua simu yake.

"Usinipangie sababu, mutoto. Mi si dosie yako."

Hakuja majuma mawili. Aliporudi, alikuja na mpango.

Mpango ulikuwa hivi: mimi na wenzangu watatu wa korali tuimbe zile noti nne, nizirekodi, niziweke kwenye kadi yake. Siku ya repetisio atabonyeza, bafle itatoa noti, yeye ataongoza kwa mikono. Sauti yake haitahitajika tena. Mbele ya komite ataonyesha, na sikukuu ya parokia atasimama. Tulirekodi ndani ya kibanda changu, tumeziba mlango na godoro. Alitusimamisha mara ishirini kwa ajili ya tenori. Tulipomaliza, alinishika shavu kwa kiganja chake. Hakuwa mtu wa kushika mashavu.

Jumamosi, saa tisa mchana, komite nzima ilikaa kwenye benchi. Watu watano, Papa Prezida katikati na daftari lake. Mama Maestro alisimama mbele yetu, kitenge kimefungwa vizuri, mara ya kwanza kumwona amewahi. Simu yake ilikuwa imeunganishwa kwenye bafle kubwa ya kanisa. Akabonyeza. Noti ya soprano ikatoka, ikafuata ya alto, ya tenori, ya besi, safi kabisa. Akainua mikono tukaimba, na mikono ile, jamani. Nilikuwa nimesahau. Tuliimba kama watu waliotolewa kifuniko. Papa Prezida alikuwa anatabasamu na kuandika.

Tukafika mwisho. Mikono yake ikafunga wimbo. Na katika ule utulivu mzuri, simu, ambayo hakuna aliyeisimamisha, ikaenda kwenye faili inayofuata.

Faili zile nilizipanga mimi kwa haraka, kadi moja, dosie moja, na ile ya noti niliiacha na kimya kirefu mwishoni, mashine ilibaki inarekodi godoro. Ukitaka kulaumu mtu, umempata. Ulikuwa wimbo wa saba.

Bafle ya kanisa si bafle ya kibanda. Ilikuwa kama lori limeingia kwa ukuta. Watoto wakapiga kelele, mbwa wa mlinzi akakimbia, mjumbe mmoja wa komite akafanya ishara ya msalaba na mkono wa kushoto. Na Mama Maestro, ambaye simu ilikuwa karibu naye, hatua moja tu, hakuizima. Mikono yake ilikuwa bado juu. Ikaanza kuongoza. Sidhani kama alikusudia. Kidole kikamwita mpiga ngoma, kiganja kikamshusha yule wa chini, mkono wa kushoto ukamzuia tenori, kila kitu mahali pake, haraka haraka, uso wake umetulia kama anayesuka nywele. Sekunde kumi na tisa. Akakunja ngumi, na wimbo ukaisha ndani ya ngumi yake, sawasawa.

Nikaruka, nikaizima simu kabla haijaenda kwenye wimbo mwingine. Kisha Papa Prezida akasimama.

"Mama, ulikuwa unaongoza nini?"

"Wimbo."

"Wa nani?"

"Sijui majina yao."

"Majina hujui, na mwisho wake unaujua."

Jumanne walimwita. Niliomba niingie nieleze kosa ni langu, wakaniruhusu, nikaeleza mambo ya kadi kushiba. Walinisikiliza kwa huruma kama unavyomsikiliza mtu aliye na malaria. Papa Prezida si mtu mbaya, hilo niliandike wazi. Mama alipokuwa amelazwa, ni yeye aliyempelekea samaki na sombe, mboga ya majani ya mihogo, kila jioni. Alisema komite haina vita na mtu, inaomba jambo moja: Mama afute ile miziki mbele yao, hapo hapo, mambo yaishe.

Mama Maestro aliitoa simu. Akaiweka juu ya meza.

"Nikifuta, siku ya sikukuu nitasimama mbele?"

Papa Prezida alitazama viatu vyake. Nikamwombea moyoni aseme ndiyo.

"Mama," alisema, "hata bila hiyo miziki. Mambo ya bafle, kanisani, hapana. Na sauti yako… watoto wanaogopa."

"Sasa njo umesema kweli," Mama Maestro akajibu. Hakukasirika, hiyo ndiyo iliyonichanganya. Alionekana kama mtu aliyengoja mizani itulie, na sasa imetulia. Akamshukuru. Akampa yule kijana aliyechukua nafasi yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, kikombe na kijiko, akamwonyesha mahali pa kugonga, chini kidogo ya mkono wa kikombe. Akachukua simu yake, haijafutwa kitu, akatoka. Mimi nililia mpaka mjumbe mmoja akanipa leso yake na akaniambia nibaki nayo.

Mwezi ule ule alihamia Bendera kwa binti yake, ambaye bwana yake anafanya kazi kule kwenye mitambo ya umeme. Hakupita kibandani kuaga. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, kwamba amekasirika, kwamba lori liliondoka mapema, kwamba wazee ndivyo walivyo. Mimi nilibaki na lile swali langu moja. Lile kosa langu ndilo lililomtoa mbele yetu, ama kosa langu lilifungua tu mlango ambao Papa Prezida alikuwa ameushikilia? Nikiwa na furaha nilijibu hivi, nikichoka nilijibu vile. Na mimi kwa kawaida ni mtu wa furaha, kwa hiyo unaweza kujua swali lenyewe lilikuwa zito namna gani.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, binamu yangu aliolewa Bendera, nikaenda. Ndoa Jumamosi, misa Jumapili. Nilikuwa nimejaza kadi mpya, zile nyimbo kumi na saba tu, hakuna kingine, nafasi yote iliyobaki tupu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliacha kadi na njaa.

Nilimkuta nje ya kapela, anaosha miguu yake kwenye beseni kabla ya kuvaa viatu. Amekonda. Kitambaa cha shingo hakipo tena, kovu linaonekana, jembamba kama uzi. Akanitazama, akaniambia nimenenepa, na kwamba nasimama vibaya kama zamani.

Nilikuwa nimejiandaa maneno mazuri njia nzima. Yakatoka haya: "Mama, ni mimi njo nilikutoa kule mbele."

"Wewe?" Alifuta mguu mmoja, akahamia mwingine. "Wewe uliweka nyimbo mu kadi. Kutoka, nilitoka na miguu yangu. Hii hapa, naiosha."

Nikamwuliza kama bado anasikiliza. Akasema ile kadi ilipotea shambani, kwenye mihogo, zamani. Nikamwuliza kama iliuma. Akafikiri, akasema iliuma siku mbili, siku ya tatu akagundua wimbo wa saba anao wote, kwa hiyo kilichopotea ni plastiki. Halafu akasema hapana, ameongopa, wa saba anao lakini wa tatu umemtoka, na jambo hilo linamwudhi sana. Nikampa kadi mpya. Akaifunga kwenye pindo la kitenge bila kuitazama. Sikujua kama amefurahi. Nilitaka kumwuliza sasa anafanya nini, nani anamwongoza nani, lakini kengele ikalia, akaniambia nenda ukakae, yeye ana kazi.

Nikakaa benchi la tatu, nikamtafuta mbele. Aliyesimama mbele alikuwa kijana mmoja wa ile mitambo ya umeme, shati lina alama ya oveloli. Nikamtafuta kwa soprano, hayupo. Nikamtafuta kwa alto, kati ya akina mama wenzake, hayupo. Nikaanza kutazama mabenchi kama kuna kiti cha plastiki mahali. Ndipo nikamwona mstari wa nyuma kabisa, kati ya wanaume wanne wakubwa, anafika kwenye mabega yao. Mama Maestro alikuwa ameimba soprano maisha yake yote, na sasa amesimama na besi.

Mama mmoja jirani yangu aliona namna nilivyokodoa macho, akaninong'oneza kwamba yule ni mama wa besi, amekuja hapa na sauti hiyo hiyo, hawajui nyingine.

Kijana akatoa noti kwa mdomo wake. Ilikuwa chini mno, hata mimi nilisikia. Nilimtazama Mama Maestro, nikangoja ulimi ugonge, nikangoja mkono uinuke, aseme simameni, pumueni, tuanze tena. Miaka yote hakuwahi kuacha noti mbaya ipite, hata siku ya maziko. Akamtazama yule kijana. Akavuta pumzi, ndefu. Akafungua mdomo, akamfuata mle mle kwenye kosa.

Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ukashuka, ukashuka tena, na wanaume wale wanne mmoja mmoja wakaishiwa na sauti, midomo inacheza, hakuna kinachotoka. Pale chini palibaki mtu mmoja tu. Sauti yenyewe haikuwa nzuri, bado ilikuwa bati na simenti, lakini ilikuwa na mahali pa kusimama, na haikutikisika. Akina mama wa soprano wakajitandaza juu yake kama nguo juu ya kamba. Mtoto mmoja mbele yangu aligeuka kutazama inatoka wapi, akairudia kwa mdomo uliofungwa.

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na sikujua nianze na kipi. Nikajiunga kwa alto, nikapoteza mstari wangu, nikaushika, nikaupoteza. Kule nyuma, wale wanaume wanne walikuwa wameinamisha vichwa, wawili huku, wawili huku, masikio yao karibu na mdomo wake, wakitafuta noti yao.